Hela imeisha, tasnifu haijaisha, na kila usiku narudia mechi ile ile. Hii ni nini?

#1 Kalamu Kavu

Wakuu, salaam.

Niko mwaka wa tatu wa uzamili uliotakiwa kuwa wa miaka miwili. Ufadhili ulikatika mwaka wa pili ulipoisha, kama barua yenyewe ilivyosema, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Sasa hivi naishi kwa kunyoosha lugha kwenye tasnifu za wenzangu na kuwapangia rejea. Tangu mwaka uanze nimenyoosha sita. Zote sita zimeshajalidiwa, majalada magumu, maandishi ya dhahabu mgongoni. Yangu imelala sura ya nne.

Ila swali langu si hilo. Kila usiku nikiwasha laptopu niandike, najikuta nimefungua fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2005, Liverpool na Milan. Tena si mechi nzima. Naanzia mapumziko, Milan wakiwa mbele tatu bila, mpaka Liverpool wanaposawazisha na kubeba kombe kwa penalti. Nimeshaitazama zaidi ya mara arobaini, mtangazaji namjua mpaka anapovuta pumzi. Ikiisha naingia kwenye tamthilia niliyokwisha kuimaliza mara tatu, naanza tena na sehemu ya kwanza. Na hapo nina flashi imejaa filamu mpya, rafiki yangu alinipa miezi mitano iliyopita. Sijagusa hata moja.

Nilipokuwa na hela nilikuwa natafuta vitu vipya. Tangu ikatike, kitu kipya kinanichosha kabla sijakianza. Niko peke yangu? Na chanzo ni nini: uvivu, hela, au kichwa?

#2 Napita Tu

Nimeshakaa kiti cha mbele.

#3 Sura ya Pili

Hauko peke yako mkuu. Mimi narudia tamthilia moja mpaka mwenzangu wa chumbani, ambaye hajawahi kuitazama, ameanza kuwajibu wahusika akiwa amegeukia ukutani.

Kwangu sababu naijua. Kitu kipya kinataka uamuzi. Mchana kutwa naamua: hii rejea ibaki au itoke, nilipe pango kwanza au ada ya kuongeza muda, nimkumbushe msimamizi leo au ataniona king'ang'anizi. Ikifika saa tatu usiku sitaki mtu aniulize chochote tena, hata filamu isiniulize muuaji ni nani. Namtaka muuaji ninayemjua.

#4 Mzee wa Rejea

Mleta mada, kwanza huo mwaka wa tatu usikuumize. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wanamalizia tasnifu. Waliwauliza mtamaliza baada ya siku ngapi, wastani wa majibu ukawa siku 34. Wakawauliza tena: na mambo yakiharibika kabisa? Ikawa kama 49. Walimaliza kwa wastani wa siku 55. Yaani hata makadirio yao ya balaa yalikuwa ya matumaini.

#5 Takwimu Butu

Mzee wa Rejea, heshima yako, ila wale walikuwa wa shahada ya kwanza. Wa uzamili ukimwambia siku 55 atadhani unazungumzia muda wa kusubiri saini.

#6 Fundi Bajeti

Tusimzungushe mwenzetu na falsafa. Mechi ya zamani iko kwenye diski, kitu kipya kinataka bando. Hana hela, anatazama alichonacho. Uzi ufungwe.

#7 Kalamu Kavu

@Fundi Bajeti soma tena #1. Flashi iko mezani, imejaa, sijalipia hata senti. Naihamisha nikitaka kuweka kikombe.

#8 Dada Hojaji

Mimi nitasema ambalo hamtaki kulisikia. Ni woga, kaka yangu.

Nilikwama sura ya tano kwa miezi saba. Data ninazo, majedwali ninayo, hata hitimisho nilikuwa nalo kichwani, nikiwa njiani naliimba. Nikikaa kwenye kiti halitoki. Siku moja mdogo wangu akaniuliza, bila ubaya wowote, "Ukimaliza utafanya kazi gani?" Nikakosa jibu. Usiku ule nikaelewa. Leo nikiulizwa mimi ni nani, nasema mwanafunzi wa uzamili, watu wanatikisa kichwa kwa heshima. Nikishatetea tasnifu, kesho yake asubuhi mimi ni mtu asiye na kazi mwenye jalada gumu.

Mechi yako haikuulizi utafanya kazi gani. Ndiyo maana unaipenda.

#9 Sura ya Pili

Dada Hojaji umetupiga ngumi ya tumbo saa hizi za usiku.

#10 Mzee wa Rejea

Woga upo, lakini hela ina kazi yake kichwani, na si suala la bando. Kuna utafiti wa 2013, ulitoka kwenye jarida la Science, wa wakulima wa miwa kule Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa anapata fedha kwa mkupuo baada ya mavuno, halafu anasota mpaka mavuno mengine. Waliwapa wakulima wale wale majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno na baada. Kabla, wakati mfuko umekauka, walifanya vibaya zaidi. Mtu ni yule yule. Shida ya hela imekaa kwenye kiti ambacho akili ilitakiwa ikae.

Sasa mwenye ufadhili uliokatika si ndiye mkulima kabla ya mavuno? Filamu mpya inataka ukumbuke nani ni shemeji wa nani. Nafasi hiyo imeshachukuliwa na pango.

#11 Takwimu Butu

Samahani, narudi tena, jamani mtanichoka. Mwaka 2016 wachumi wengine walijaribu jambo linalofanana na hilo Marekani, wakawapima watu wa kipato kidogo kabla na baada ya siku ya kupokea hela. Kwenye majaribio ya akili hawakuona tofauti. Kwa hiyo tusiseme umethibitishwa kama tunasoma amri kumi.

#12 Mzee wa Rejea

Mshahara unaorudi kila baada ya wiki chache na mavuno ya mara moja kwa mwaka ni ukame wa aina mbili. Sijashindwa hapo.

#13 Takwimu Butu

Sijasema umeshindwa. Nimesema haijaisha.

#14 Fundi Bajeti

Sawa, kama ni hela kichwani, nina ushahidi wangu, hauko kwenye jarida lolote.

Mwaka jana nilifungua daftari la matumizi. Safu nne: pango, usafiri, shule, na ya mwisho nikaiandika "sijui". Baada ya miezi mitatu "sijui" ilikuwa imelipita pango. Nikakaa kitako jioni nzima kuichimba. Kopi za kurasa kumi kumi. Wino. Nauli ya kumfuata mtu ofisini, nikaambiwa ametoka sasa hivi, kiti bado cha moto. Bando la saa moja la kupakua makala, nayo ilipofunguka ikanionyesha ukurasa wa kwanza tu na kunitaka nilipie ili niisome. Hiyo ilikuwa mara nne.

Nilichofanya ni kufuta "sijui" na kuandika "utafiti". Hela haikuongezeka ila roho ilitulia.

Kuanzia hapo kila kitu nakihesabu kwa kurasa za kuchapisha. Nikiona viatu dukani sioni bei, naona rasimu mbili za sura ya tatu, upande mmoja. Filamu mpya? Nusu ya mapitio ya maandiko. Ya kale ni bure hata kama mpya nayo ni bure, mnanielewa? Imeshalipiwa kichwani.

#15 Sura ya Pili

Hatujakuelewa lakini endelea.

#16 Mama Watatu

Habari zenu wanangu. Mimi nasoma uzamivu, nina kazi, na jina linajieleza. Nilipoona mtu ana muda wa kutazama mechi moja mara arobaini nilirudi kuisoma #1 nikidhani nimekosea.

Nina dakika kama arobaini kati ya wa mwisho kulala na mimi mwenyewe kulala. Ndani ya hizo ndimo nilimoandika sura mbili. Burudani yangu ni michezo ya redioni nikiwa napiga pasi, kwa sababu macho yako kazini na masikio yako huru. Siwezi kurudia kitu kwa sababu hata cha kwanza sijawahi kukifikisha mwisho.

Mdogo wangu, tatizo lako ni muda mwingi. Parkinson alishaandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka mpaka ijaze muda iliopewa. Wewe umepewa usiku mzima.

#17 Kalamu Kavu

Shikamoo Mama Watatu. Nakubali nusu. Mwezi uliopita nilikuwa na kazi tatu za watu kwa pamoja, kwa usiku mzima napata usingizi wa saa nne tu. Kwa hesabu yako ningeandika sana. Sikuandika, na mechi nikaitazama kwenye simu nikiwa nimesimama naswaki.

#18 Mama Watatu

Marahaba. Basi wewe una lako.

#19 Matofali

Nimechelewa. Mimi burudani yangu ni Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyodondoka. Alexey Pajitnov aliitengeneza Moscow mwaka 1984 na mpaka leo sijaona gemu inayomfaa mtu wa tasnifu kama ile. Haina mwisho. Haina kushinda. Ukipanga vizuri mstari unafutika, ukikosea ndiyo unabaki pale unakutazama. Nikitoka kwenye kikao na msimamizi nacheza saa mbili, natoka nimetulia. Kwa hiyo mleta mada, mtu anataka kitu asichoweza kufeli. Mechi yako haiwezi kufeli, mwisho wake unaujua.

#20 Dada Hojaji

Matofali umejipinga mwenyewe. Tetris kila mara unafeli!

#21 Matofali

Nafeli, lakini sifeli mbele ya jopo la watahini.

#22 Takwimu Butu

Halafu mwisho inao. Desemba 2023 kijana wa miaka 13, Marekani, aliicheza ile ya mashine ya zamani ya Nintendo mpaka ikaganda, haikuweza kuendelea.

#23 Napita Tu

Mtoto wa miaka 13 kamaliza Tetris. Watu wazima humu hawajamaliza sura ya nne.

#24 Kalamu Kavu

Napita Tu, si ulisema unapita?

#25 Gitaa Bovu

Wote mnaojilaumu kwa kuchelewa, mkumbukeni Brian May, mpiga gitaa wa Queen. Alichukua miaka 40 kumaliza uzamivu wake wa fizikia. Arobaini! Wewe mitatu unalia.

#26 Mzee wa Rejea

Haikuwa arobaini. Alianza mwaka 1970 pale Imperial College London, akaacha 1974 bendi ilipochukua moto, akarudi na kukabidhi tasnifu 2007. Ilihusu vumbi lililoko angani kati ya sayari. Toa mwenyewe.

#27 Gitaa Bovu

37. Kumbe nilimwongezea mitatu. Si ndiyo hiyo ya mleta mada?

#28 Fundi Bajeti

Tofauti ndogo tu: Brian May alipoacha alikuwa na Queen. Kalamu Kavu ana flashi.

#29 Chumba cha Juu

Nimesoma yote, sijaona aliyetaja upweke.

Nilipokuwa nasoma masomo ya darasani tulikuwa kumi na wanne, tunacheka, tunasengenya walimu. Yalipoisha kila mtu akaenda na mada yake. Hakuna anayekwambia kwamba sehemu ya pili ya shahada unaifanya ukiwa umefungiwa chumbani na mada ambayo hakuna binadamu mwingine anayetaka kuizungumzia. Kuna wiki mtu pekee aliyenisemesha ni mlinzi wa maktaba, na alichosema ni "Tunafunga."

Ndani ya wiki hizo nilitazama tamthilia moja, ya familia, wako wengi, wanagombana jikoni. Sikuwa naitazama. Niliiacha iseme huku naandika, kama ukiwa mtoto unalala na wakubwa wanaongea sebuleni. Kitu kipya hakiwezi kazi hiyo, wageni lazima uwasikilize. Wale niliwazoea, wakicheka nilijua wanacheka nini hata bila kunyanyua kichwa.

Wako wataalamu wawili, Horton na Wohl, waliliandika hili mwaka 1956 wakati televisheni bado changa: mtazamaji anajenga kaurafiki na watu wa kwenye kioo, na wao hawajui kama yupo. Nilipoisoma nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo.

#30 Dada Hojaji

Chumba cha Juu, hiyo ya wakubwa wanaongea sebuleni nitaiba.

#31 Sura ya Pili

Mlinzi wa maktaba yuko kwenye shukrani zangu, ukurasa wa tatu. Sitanii.

#32 Damu Nyekundu na Nyeusi

Mimi ni wa Milan na uzi huu umenitafuta. Huyu bwana mara arobaini anatazama kilio changu ndio apate usingizi.

Ila tusahihishane. Humu nitaona mtu anasema Gerrard wa Liverpool alisawazisha. Gerrard alifunga la kwanza kwa kichwa dakika ya 54, Smicer la pili ya 56, Alonso la tatu ya 60.

#33 Gitaa Bovu

Alonso kwa penalti.

#34 Damu Nyekundu na Nyeusi

Penalti kipa wetu Dida aliiokoa, sema aliitema. Alonso akaufuata na kuupachika. Bado naota.

#35 Kalamu Kavu

Sahihi. Na mnayemsahau ni Hamann. Aliingia mapumziko hayo hayo ninayoanzia mimi. Hakufunga bao mle ndani ya mchezo, ila alipoingia kiungo kikakaa sawa. Huwa namtazama yeye tu.

#36 Matofali

Anajiona ni Hamann huyu. Anaingiza koma kwenye tasnifu za watu, wenzake wananyanyua kombe.

#37 Kalamu Kavu

Aisee.

#38 Chaki Nyeupe

Nimesimamia wanafunzi kwa miaka mingi, niruhusiwe neno moja. Waliochelewa mikononi mwangu hawakuwa wavivu, na wengi walikuwa na akili kuliko waliowahi. Waliochelewa ni wapenda kurekebisha. Wanasoma upya sura ya pili kila wiki, wanahamisha aya, wanabadili "aidha" kuwa "vilevile". Ukurasa mtupu hawauwezi.

Mleta mada amejieleza vizuri kuliko anavyodhani. Mchana ananyoosha maandishi ya wengine, usiku anatazama mechi iliyokwisha kuchezwa. Vyote hivyo ni vitu vilivyokwisha kutengenezwa na mtu mwingine. Kwa siku nzima hakuna saa ambayo yuko mbele ya kitu ambacho bado hakipo.

#39 Sura ya Pili

Shikamoo mwalimu. Swali nje ya mada kidogo, sura niliyotuma mwezi wa tatu uliipata?

#40 Chaki Nyeupe

Marahaba. Mimi si msimamizi wako.

#41 Sura ya Pili

Hata wangu angejibu hivyo hivyo. Mara ya mwisho alinirudishia kurasa themanini, kila mahali pasafi, ukurasa wa 61 kaandika pembeni kwa wino mwekundu, "Kwa nini?" Hakuna alama ya mstari wala duara. Kwa nini nini? Nimezunguka na swali hilo wiki sita.

#42 Dada Hojaji

Mimi niliandikiwa "Hmm."

#43 Kalamu Kavu

Mwalimu, nimelala na maneno yako, na asubuhi nimeamka na kipingamizi. Tasnifu ya mwenzangu inanilipa kwa ukurasa. Yangu nailipia mimi, kila muhula, na ada ya kuongeza muda haingoji. Saa moja nikiitumia kwenye ya mtu, pango linasogea. Saa hiyo hiyo nikiitumia kwenye yangu, hakuna kinachosogea mpaka siku itakayokuwa imeisha yote, na siku hiyo siioni. Sasa huo ni ugonjwa wa kurekebisha au ni hesabu tu? Ukiniuliza, Fundi Bajeti hakukosea sana, alikosea mahali pa kuiweka hela.

Na bado hainielezi kwa nini mechi. Mechi hainilipi.

#44 Fundi Bajeti

Nashukuru kwa haki kutendeka, ingawa kwa kuchelewa.

#45 Mama Watatu

Mnyooshee mtu mmoja bure basi, huyo mtu awe wewe. Nimetoroka dakika mbili, narudi kwenye pasi.

#46 Takwimu Butu

Tufanye jaribio dogo badala ya kubishana. Kama sababu ni kwamba mwisho unaujua (Matofali, Sura ya Pili), basi kipindi cha kwanza nacho kingekufaa, maana matokeo yake unayajua vilevile. Kama ni kuzoea sauti (Chumba cha Juu), mtangazaji ni yule yule. Kalamu Kavu, umewahi kutazama kipindi cha kwanza?

#47 Kalamu Kavu

Hapana. Hata mara moja. Mwaka 2005 wenyewe nilikuwa mdogo, niliamshwa mapumziko.

#48 Takwimu Butu

Leo usiku. Halafu uje utuambie.

#49 Napita Tu

Sipiti tena. Nimelala hapa hapa.

#50 Kalamu Kavu

Nimejaribu. Maldini kafunga dakika ya kwanza kabisa, hata sijarekebisha mto. Nikavumilia. Dakika ya 39 Shevchenko kapiga krosi, Crespo kamalizia, mbili bila. Pale nikahisi tumbo kama natazama salio la akaunti kwa jicho moja. Nikazima. Kuandika sikuandika, ila nililala saa tano usiku, jambo ambalo halijatokea tangu ufadhili ukatike.

Takwimu, tafsiri.

#51 Takwimu Butu

Sampuli ni mtu mmoja. Sitafsiri.

#52 Dada Hojaji

Mimi natafsiri: woga.

#53 Chumba cha Juu

Mimi naona alikosa watu wa kushangilia nao.

#54 Damu Nyekundu na Nyeusi

Ngoja kwanza. Umezima dakika ya 39? Bao la tatu ni la 44! Kaká, kiungo wetu, kageuka katikati ya uwanja, kapiga pasi imepita katikati ya watu wote, Crespo hakuusimamisha, kamnyanyulia kipa juu kidogo hivi, ukaingia. Hilo ndilo bao zuri kuliko yote ya usiku ule. Mara arobaini, na hujawahi kuliona?

#55 Kalamu Kavu

Sijawahi.

#56 Damu Nyekundu na Nyeusi

Washa laptopu.

#57 Kalamu Kavu

Imewaka. Bado ina sura ya nne mbele, ngoja niihifadhi kwanza.